Kubeti gofu: jibu kwa kijana mwenye laki tatu ya Masters

Mdogo wangu umeuliza mambo matatu, kama gofu ni rahisi kubeti kuliko mpira kwa sababu majina ya juu ni yale yale kila wiki, laki tatu yako umuwekee nani kwenye Masters, yale mashindano makubwa ya gofu ya Aprili kule Marekani, na kampuni gani inalipa vizuri. Waliokujibu wengi wamekutajia majina ya wachezaji tu, Scheffler, McIlroy, wakaondoka. Mie ntakujibu kwa urefu kidogo mana hii njia nimeipita mwenyewe, kutoka Julai 2019 mpaka Aprili 2021, na najua ilinipeleka wapi.

Kwanza ujue nlikuwa kedi. Kabla sijaingia kazi ya baa kwenye hoteli huku kaskazini, nlibeba mikoba ya wageni kwenye kiwanja cha mashimo 9 hapa hapa Unguja. Nlijua grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, ikinyeshewa usiku mpira unatembeaje asubuhi, nlijua kwa kutizama mabega ya mgeni tu kwamba mpira huu unakwenda kulia. Sasa nlipoanza kuwahudumia Waingereza pale kaunta, wao wanatizama gofu kwenye TV huku wanabeti kwenye simu, nkaona hawa hawanizidi kitu, mie nimeshika fimbo hizi kila siku. Na huo ndo mtego wa kwanza nnaotaka uuone. Kuujua mchezo na kuijua bei ni vitu viwili mbali mbali, mie nlikuwa na kimoja nikadhani ninavyo vyote.

Mkeka wangu wa kwanza ulikuwa The Open ya 2019, mashindano mengine makubwa ya gofu, ilichezwa Royal Portrush, Ireland ya Kaskazini. Feva alikuwa Rory McIlroy, kwao kabisa, kiwanja anakijua toka utotoni. Nkamuwekea elfu 50 kwa odi 9, yaani akishinda nalipwa dau mara 9. Siku ya Alhamisi alianza saa sita na dakika chache mchana kwa saa zetu, mana wao tumewapita masaa mawili wakati wa kiangazi chao. Pigo lake la kwanza kabisa likatoka nje ya kiwanja, kushoto. Shimo linatakiwa pigo 4, yeye kapiga 8. Adhana ya adhuhuri haijaadhiniwa, mie niko pale na trei ya glasi mkononi na mkeka wangu umeshachanika. Siku ile akamaliza na mapigo 79, na kwenye gofu mwenye machache ndo anashinda.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Ijumaa akaanza kurudi, anapiga vizuri ajabu, watu wanamshangilia kila shimo, nkafungua simu nkaweka elfu 40 nyengine kwamba atapita mchujo. Pale wachezaji ni 156, baada ya siku mbili wanabaki 70 wa juu na waliofungana nao. Kapiga 65 siku ile. Kakosa mchujo kwa pigo moja. Pigo moja katika mapigo 144 ya siku mbili! Na sikulala na hasira, nlilala na furaha ya ajabu kwamba nlikuwa karibu. Hilo la "nlikuwa karibu" ndo lililonila, kwenye mpira timu yako ikifungwa tatu unajua umefungwa, kwenye gofu unakosa kwa pigo moja kila wiki na kila wiki unahisi umejifunza kitu.

Sasa nikujibu suali lako la kwanza. Si rahisi, ni ngumu zaidi, na sababu ni hesabu tu. Mechi ya mpira ina majibu matatu, kushinda, sare, kufungwa. Gofu ya wiki moja ina majibu mpaka 156, na hata Masters ambayo wachezaji wake ni wachache, ile ya 2021 walikuwa 88. Mchezaji bora duniani akiwa kwenye kilele chake bado wiki nyingi hashindi. Odi 25 inaonekana tamu kwa sababu macho yamezoea 1.60 ya mpira, lakini odi 25 maana yake kampuni inakwambia huyu atashinda chini ya mara moja kila akicheza mara 25.

Nasema chini ya mara moja kwa makusudi. Chukua daftari. Andika kila mchezaji na odi yake, afu 100 gawanya kwa kila odi, jumlisha zote. Ingekuwa bei ya haki ungepata 100. Mie nlifanya siku moja baada ya shifti, nkafika 130 na majina ya chini kabisa sijayamaliza. Ile iliyozidi juu ya 100 ndo chakula cha kampuni, imekatwa kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Hata ile ya mchezaji mmoja dhidi ya mwengine, ambayo watu wanasema ni salama, utakuta 1.83 huku na 1.83 kule, gawanya uone, inakuja 109 na kitu. Kwenye majina mengi inajificha zaidi kwa sababu nani atakaa ajumlishe watu 156.

Kitu chengine ambacho hakuna aliyekutajia hapa, kufungana. Kuna wiki nlimuwekea mtu elfu 20 amalize kwenye 10 bora, odi 4. Jumapili kamaliza nafasi ya 8, nkaamka asubuhi nakwenda kazini natembea juu juu, elfu 80 iko njiani. Kufungua akaunti, elfu 40. Nkaenda mpaka kwenye duka lao nkazozana na yule binti wa kaunta mpaka watu wakatoka nje kutizama, na mpaka leo naona haya kwa sauti nlompandishia mana hakuwa na kosa. Ni kwamba kwenye nafasi ya 8 walifungana watu 6, na kutoka 8 mpaka 10 ni nafasi 3 tu, kwa hiyo wanachukua 3 wanagawa kwa 6, dau lako linahesabiwa nusu, elfu 10 mara 4. Ni sharti lao, limeandikwa kwa herufi ndogo, na kwenye gofu kufungana ni jambo la kila wiki kwa hiyo linakugusa kila wiki. Kwenye mpira hulijui kabisa.

Upepo niseme kidogo kwa sababu hapo tu ndo nlihisi nnajua kitu cha kweli. Mzee wangu mvuvi. Toka mdogo nnajua kusi likishika, asubuhi mapema bahari inaweza kukupa nafasi, ikifika alasiri hutoki. Sasa The Open inachezwa viwanja vya pwani, wachezaji ni wengi hawawezi kuanza pamoja, nusu wanacheza Alhamisi asubuhi na Ijumaa mchana, nusu nyengine kinyume chake. Upepo ukikaza mchana wa Alhamisi ukatulia mchana wa Ijumaa, nusu moja imekula dhoruba yote na nusu nyengine imecheza shuwari, na hakuna ubora wa mchezaji hapo, ni ratiba. Nlikuwa nafungua utabiri wa hewa wa kule kabla sijatizama majina. Nlipata mara mbili hivi. Lakini utabiri ule ule kampuni nao wanausoma, na ratiba ikitoka tu odi zinahama, mie nafika nimechelewa, mana mie nafungua simu baada ya kumaliza kuosha glasi.

Afu Masters ya 2021, ndo naandika yote haya kwa ajili yake.

Mwaka ule unaukumbuka, korona imetupiga, wageni wachache, mishahara tunapewa nusu. Tulikuwa na upatu wa wafanyakazi, watu 12, elfu 50 kila mwezi, zamu yangu ikaangukia Machi. Laki 6. Ilikuwa ya mabati, nyumba yetu Fuoni tulikuwa tumefika kwenye lenta. Mke wangu alishakwenda kuuliza bei. Mie nkachukua laki 2 katika ile nkamuwekea Xander Schauffele ashinde, odi 25. Ilikuwa ni milioni 5, nyumba nzima inaezekwa na milango inabaki.

Waingereza wale walikuwa wana namna yao, dau wanalikata nusu kwa nusu, nusu ashinde, nusu amalize kwenye 5 bora, na hiyo nusu ya pili faida yake inalipwa moja ya tano. Ilikuwepo kwenye simu yangu pia. Sikuitaka kwa sababu inapunguza ile milioni 5.

Jumapili ya mwisho kule Augusta, kiwanja cha Masters, inamalizika saa nane usiku kwetu. Ramadhani iko mlangoni, siku mbili tatu tu. Nimekaa sebuleni sauti nimeifunga, watoto wamelala. Hideki Matsuyama wa Japani anaongoza, Schauffele yuko naye kundi moja. Shimo la 12 Schauffele kaokoa pigo, yaani kapiga moja pungufu ya yanayotakiwa, la 13 kaokoa, la 14 kaokoa. La 15 Matsuyama mpira wake ukapitiliza grini ukaingia majini, Schauffele kaokoa tena, tofauti ikawa mapigo mawili, yamebaki mashimo matatu. Simu ikanionesha naweza kukeshi-auti laki 9, yaani kuuza mkeka wangu kabla mchezo haujaisha. Laki 9 taslim, saa saba usiku, mke wangu yuko chumba cha pili. Kidole kiko juu ya kitufe. Nkasema ngoja shimo la 16.

Shimo la 16 ni fupi, pigo 3, maji yako kushoto mstari mzima. Na mie nimekuwa kedi. Mpira ulivyotoka kwenye fimbo nliupenda, ulipanda vizuri, nkaanza kusimama kwenye kochi. Ukaanguka kwenye ukingo wa majani ukarudi majini. Kapiga 6. Laki 9 ikafutika kwenye kioo mbele ya macho yangu, ikaja sifuri.

Mwisho kafungana nafasi ya 3 na Jordan Spieth. Ningekata nusu kwa nusu ningerudishiwa laki 5 na elfu 80. Naijua hesabu hii kwa moyo, 24 gawa 5 ni 4.8, jumlisha dau lenyewe 5.8, mara laki. Matsuyama kawa Mjapani mwanamme wa kwanza kushinda mashindano makubwa, na kedi wake alipokwisha kurudisha bendera kwenye shimo la 18 kavua kofia kakiinamia kiwanja. Mie kedi mwenziwe ningetakiwa kulia kwa uzuri wa kile kitu. Nlikuwa nalia kwa jengine.

Na usidhani ni bahati yangu tu mbaya. Spieth mwenyewe 2016 alikuwa mbele mapigo 5 na mashimo 9 ya kumaliza, shimo la 12, yadi kama 155 tu, kaitia majini mara mbili kapiga 7, Danny Willett kashinda. Greg Norman 1996 kaamka Jumapili yuko mbele mapigo 6 kamaliza yuko nyuma ya Faldo mapigo 5. McIlroy 2011 alikuwa mbele mapigo 4 kapiga 80, na ikamchukua mpaka 2025 kuipata Masters. Hao ni wenye mchezo, wameshika fimbo mikononi mwao. Wewe na mie tumeshika simu. Schauffele huyo huyo 2024 kashinda mawili makubwa mwaka mmoja, PGA na The Open, na sikuwa na senti juu yake, na nlifurahi kwelikweli, nlimpigia makofi peke yangu.

Mke wangu nlimwambia kabla ya daku ya kwanza, sikuweza kufunga na lile tumboni. Hakupiga kelele. Aliuliza tu "mabati mangapi?" Nkamwambia. Mabati tulikuja kuweka mwaka uliofuata, mvua za masika zote zile za katikati tulikaa kwa mama mkwe.

Kuna waliokukumbusha aya ya 90 ya Suratul Maida inayokataza kamari, usiwakasirikie, wana haki na mie niko pamoja nao. Lakini umeuliza kama mtu anayetaka hesabu, ndo mana nimekupa hesabu. Laki tatu usimuwekee mtu. Na kama umeshaiweka usiifuate na nyengine, hasa Ijumaa, hasa akikosa kwa pigo moja.

Kampuni sikutajii hata moja. Ila Masters nnaitizama bado kila mwaka mpaka saa nane usiku, na shimo la 16 mpaka leo natizama nimesimama. Kama kweli gofu unaipenda na si odi, nandikie pembeni, Jumamosi nnakuwa ofu, kuna mgeni aliniachia fimbo mbili za zamani na mfuko wa mipira, maji yakiwa yamekupwa tunapiga pale mchangani mpaka magharibi.