Fangasi Zikirudi Kila Mara, Tazama Kwanza Sukari

Juzi dada mmoja wa Malindi ameniandikia kuwa fangasi za ukeni zimemrudia tena, na mavyaa wake amemwambia wazi kuwa muwasho wa mahali pale haumjii mwanamke aliyetulia. Maneno hayo nimeambiwa na mimi, hapa hapa Lamu, na aliyeyasema tunapishana kichochoroni mpaka leo. Namwitikia salamu, lakini bado yananiuma. Kwa hiyo nimeonelea nimjibu mbele ya wote.

Anayeleta fangasi hizi anaitwa Kandida, na wanawake wengi wanaye mwilini bila hata kujua. Ukeni mna bakteria wazuri wanaotengeneza asidi na kumzuia asizidi. Ukimeza antibiotiki za kifua, bakteria hao hufa pia. Ukiwa mjamzito, au sukari ikipanda, Kandida hupata nafasi akazaana, ndipo waja muwasho, mkojo unaochoma na uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Karibu wanawake 3 kati ya 4 hupata fangasi hizi angalau mara moja maishani. Hao wote wamezini?

Mimi zilikuwa zikinishika Ramadhani ikiisha. Nikitumia krimu ya klotrimazoli zinatulia, kisha zinarudi. Huyu ananiambia ni joto na buibui, yule ananiletea mwarobaini nijioshee, na nyumbani kwa mume wangu kimya kimeanza kuwa kizito. Aliyeniokoa ni nesi mmoja aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Bi, chai yako unatia sukari vijiko vingapi?" Akanitaka nirudi asubuhi bila kula, akanitoboa kidole. Ilizidi 7 (milimoli kwa lita), kiwango cha kushuku kisukari. Daktari akarudia kipimo siku nyingine, ikawa ni kisukari kweli. Sukari ya damu ikiwa juu, huingia mpaka kwenye mkojo na ute wa uke, na hicho ndicho chakula cha Kandida.

Tazameni futari zetu: tende, kaimati zinazochuruzika shira, tambi za sukari, mkate wa kumimina, vileja, na sharbati juu yake. Nimeondoa karibu zote. Tende naachia moja ya kufungulia. Ukwaju naunywa mchungu, chai ni ya tangawizi na iliki bila sukari, wali nimeupunguza ukawa konzi moja, na sahani nimeijaza mchicha, kunde na changu wa kuchoma. Wifi zangu walisema naringa, chakula cha wenyewe nakidharau. Nilikaa kimya nikala changu. Pamoja na dawa za daktari sukari yangu imeshuka, na Ramadhani iliyopita imekwisha bila muwasho, alhamdulillahi. Nasema kwa fahari, maana wapo waliongoja nishindwe.

Kuna wanaokimbia mahamri kwa kuogopa hamira. Hamira ya unga si Kandida, ni kiumbe kingine kabisa. Cha kuogopa katika mahamri ni sukari na unga mweupe. Maziwa mala yasiyotiwa sukari nayanywa kwa kuwa ni chakula kizuri, ila haijathibitishwa kuwa yanakinga fangasi. Yanywe. Usiyapake huko chini, wala kitunguu saumu usikiweke, kitakuunguza.

Na dada zangu, tuache kujiosha ndani kwa sabuni na marashi. Udi tufukize nguo, si mwili pale. Tulirithi haya kwa somo zetu kwa mapenzi, lakini uke hujisafisha wenyewe na manukato huuwasha. Maji matupu nje yanatosha, na chupi iwe ya pamba.

Fangasi zikishaanza, chakula hakiziponyi. Hapo ni dawa. Mwenye mimba asimeze flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, bila kumuona daktari. Ukiona harufu kali, homa au maumivu chini ya kitovu, huenda si fangasi, nenda ukapimwe.

Wewe wa Malindi, zikikurudia mara 3 au zaidi kwa mwaka, usinunue tena krimu kimya kimya. Nenda asubuhi kabla hujala, uombe kipimo cha sukari, uwatajie na antibiotiki ulizomeza karibuni. Mavyaa wako mchukue mfuatane, ayasikie mwenyewe kinywani mwa daktari.