Mwalimu wa Drama, Unaenda Ng'ambo Kusomea Nini Hasa?

Tangu nirudi kutoka Uingereza, walimu wenzangu hapa Kenya hunipigia simu wakitaka kujua kama inafaa kwenda kusomea drama nje. Inafaa. Ila kuna kusomea uigizaji, na kuna kusomea kufundisha kwa maigizo, na vyuo vingi vinatoa yote mawili. Ukichagua kozi kwa jina lake tu, waweza kujikuta katikati ya vijana wanaotafuta kazi ya filamu, huku wewe umeacha darasa la watoto hamsini nyumbani.

Sisi tumelelewa na tamasha la kitaifa la drama, ambalo limekuwapo tangu 1959, na limetufunza kushindana. Mwamuzi anapenda nini, tunajua. Kunoa densi bunifu hadi usiku, tunajua. Lakini kikundi kinapopanda basi kwenda fainali, shule nzima iliyobaki haijagusa jukwaa mwaka huo. Nilichokifuata Uingereza, na ninachokushauri ukifuate, ni elimu ya hao waliobaki.

Huko utakutana mapema na jina la Dorothy Heathcote, aliyefundisha miaka mingi Newcastle. Katika njia yake, mwalimu mwenyewe huchukua uhusika na kuigiza pamoja na darasa. Hakuna hadhira, hakuna mswada wa kukariri. Mwalimu anaingia kama mjumbe wa kampuni inayotaka kununua chemchemi ya kijiji, na wanafunzi wote ni wanakijiji. Nilipoijaribu njia hiyo hapa nyumbani, msichana ambaye hakuwahi kuchaguliwa kwenye kikundi chochote ndiye aliyesimama kuniuliza, kwa sauti kavu kabisa, kama nilikuwa na barua ya chifu. Sikuwa nayo. Darasa likanifukuza kijijini, kisha tukarudi kwenye somo la mazingira tukiwa na mengi ya kuandika.

Basi kabla ya kulipa ada yoyote, kiandikie chuo barua pepe. Uliza kama kozi inakupeleka shuleni kufanya mazoezi, na kwa wanafunzi wa umri gani. Uliza hasa kama tasnifu yako, ambayo kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja mara nyingi huwa ya maneno 15,000 hivi, inaweza kuhusu shule za kwenu. Wakisitasita kwenye hilo, tafuta chuo kingine.

Nenda ukijua ya kwenu pia. Watakueleza, na kwa haki, kwamba ukumbi wa Belgrade mjini Coventry ulianza mwaka 1965 kupeleka waigizaji walimu mashuleni. Watakusomesha Augusto Boal wa Brazili, ambaye mtazamaji wake hupanda jukwaani kubadilisha mchezo. Wewe uwe tayari kuwaeleza Kamirithu, pale Limuru, ambako mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi waliigiza maisha yao kwa Kikuyu hadi serikali ikawanyima kibali, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Inaudhi kumsikia Mwingereza akilieleza hilo vizuri kuliko Mkenya aliyekaa kando yake.

Desemba, usikose kwenda kutazama panto, mchezo wa vichekesho wa msimu wa Krismasi. Watoto wanamzomea mhalifu, wanampigia shujaa kelele ageuke aone nani yuko nyuma yake. Wenzangu walinieleza kana kwamba ni ajabu ya dunia, nami nikawaambia kwetu msimulizi hasemi neno la pili mpaka ukumbi umjibu "pakawa".

Kuhusu pesa, angalia ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ambao kwa kawaida hufungua maombi Agosti. Wanataka saa 2,800 za kazi, ambazo mwalimu aliyefundisha miaka miwili anazo, na wanakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili ukimaliza. Wanauliza juu ya uongozi. Usiandike kwamba wewe ni kiongozi. Andika ulivyoandaa tamasha la kaunti bila bajeti. Viza itadai kipimo cha kifua kikuu. Na chukua cheti cha maadili mema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kabla ya kuondoka, kwa sababu shule za Uingereza hazimruhusu mtu kukaa na watoto bila kumchunguza, na kukitafuta ukiwa huko ni usumbufu mtupu. Ruhusa ya masomo kutoka TSC, tume inayoajiri walimu, iombe kwa maandishi na mapema. Baridi utaizoea.

Kurudi ndiko kugumu. Mtaala mpya una somo la maigizo na filamu katika sekondari ya juu, kwa hiyo utahitajika, lakini mkuu wa shule huenda akataka kujua kombe linakuja lini. Kabla hujabishana naye, mwombe vipindi viwili na darasa zima, si kikundi cha tamasha. Kisha mwalike. Usimpe kiti cha nyuma kama mkaguzi. Mpe uhusika wa chifu, na umwache ajitetee mbele ya wanafunzi wake kuhusu ile chemchemi.