Kabla hujagawa dodoso Amani

Wadogo zangu mnaokuja kufanya utafiti wa wageni katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki mkoani Tanga, tenganisheni mapema idadi ya watu na hisia ya msongamano. Idadi utaipata kwenye daftari la wageni getini Zigi. Hisia anayo mgeni mwenyewe, na inategemea alichokifuata.

Chukua basi la shule kutoka Tanga mjini. Watoto wanashuka kwa kelele, wanaimba, wanapigana picha mtoni. Kwao watu wakiwa wengi ndiyo raha yenyewe. Juu kidogo kwenye kijia yupo mtazama ndege na darubini yake, tangu alfajiri anamvizia chozi. Kikundi kimoja kikipita kinacheka, asubuhi yake imekwisha. Ukichanganya majibu yao ukatoa wastani, utapata namba isiyomhusu yeyote kati yao.

Kwa hiyo dodoso lianze na mgeni: katoka wapi, kaja na nani, aliwahi kufika, kafuata nini. Kipimo cha hisia ya msongamano kinachotumiwa sana ni cha watafiti Heberlein na Vaske cha 1977, alama 1 hadi 9: 1 na 2 hakuona msongamano kabisa, 8 na 9 uliokithiri. Faida yake ni kwamba unaweza kujilinganisha na misitu mingine ya mvua, hata El Yunque ya Puerto Rico.

Ila mgeni wa kwetu ana adabu, na hilo kipimo hakilijui. Muulize mbele ya muongozaji wake, atasema "aah, pako sawa tu," azungushie 1. Subiri muongozaji aende kwenye gari, kisha uliza: kuna mahali ulitaka kukaa ukakosa? Mama mmoja aliyezungushia 1 aliniambia familia yake ilikula pilau garini, maana kila kivuli cha mtoni kilikuwa na watu.

Gawa dodoso siku za kazi, wikiendi na Idi, na andika saa. Masika barabara ya kupanda kutoka Muheza inateleza. Wanaofika ni wabishi wachache, usiwafanye kuwa sura ya wageni wote. Barua ya chuo na kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, fuatilia mapema.

Kuna pia wasiopatikana getini: waliochoshwa na kelele wakaacha kuja, pengine siku hizi wanakwenda msitu wa Magamba, Lushoto. Hao watafute kwa waongozaji na wenye nyumba za wageni. Wanakumbuka vizuri nani harudi tena, na mara nyingi wanajua kwa nini.