Baba ameacha kucheza ajua: je, ndiyo sababu ya kusahau?

Swali: Baba yetu ana miaka 74, ni mwalimu mstaafu, na tunaishi naye Nyalenda, Kisumu. Alikuwa akicheza ajua, aina ya mchezo wa bao, na wazee wenzake kila alasiri, lakini tangu mwaka jana ameacha kwenda, na sasa hurudia swali lile lile mara kadhaa. Ndugu zangu wanataka tumnunulie simu yenye michezo ya kuchangamsha ubongo. Je, itamsaidia?

Jibu: Dada yangu, kabla ya simu, mpelekeni mzee akapimwe. Mmechukulia kwamba kuacha ajua ndiko kulikoleta kusahau, ilhali mara nyingi huwa kinyume: mtu ambaye kumbukumbu yake imeanza kudhoofika, au ambaye hasikii vyema wenzake wanapozungumza, hujitenga na baraza kabla watu wa nyumbani hawajagundua lolote.

Ni kweli kwamba utafiti wa Bronx, Marekani, uliochapishwa mwaka 2003 na uliofuatilia wazee 469, ulionyesha kuwa waliosoma, waliocheza michezo ya ubao, waliopiga ala za muziki na waliocheza dansi walipatwa na dimenshia, yaani ugonjwa wa kupungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwa nadra zaidi. Hata hivyo, utafiti wa Whitehall II wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, haukuona uhusiano kati ya burudani za mtu akiwa na umri wa miaka 56 hivi na dimenshia miaka 18 baadaye. Uhusiano ulijitokeza tu shughuli zilipopimwa uzeeni, karibu na wakati wa ugonjwa, jambo linaloashiria kwamba kupungua kwa shughuli huenda kukawa dalili ya mapema.

Kwa hiyo muulizeni mzee aliyezoea kucheza naye: je, baba alianza kukosea hesabu ya kete, kusahau zamu yake, au kuomba arudiwe kila neno? Majibu hayo yatamfaa sana daktari, nami huyathamini kuliko maelezo ya jumla kwamba mgonjwa "anasahau". Apimwe presha, sukari, masikio, macho, vitamini B12 na tezi ya shingo, na achunguzwe kama ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya kudumu. Bebeni dawa zote anazotumia, hasa vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, kwa kuwa huvuruga kumbukumbu za wazee. Ikibidi, kliniki yenu itawaandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga.

Michezo ya simu humfanya mtu awe hodari katika michezo hiyo hiyo, na faida yake katika shughuli za kila siku ni ndogo. Ajua humtaka ahesabu, apange na kusoma nia ya mwenzake, tena akiwa miongoni mwa watu, na kujitenga na watu kumo katika mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia yaliyotajwa na tume ya jarida la tiba la Lancet mwaka 2024. Akikubali kurudi, aanze na mpinzani mmoja anayemwamini, mahali pasipo na kelele, aketi akimtazama usoni.

Iwapo kuchanganyikiwa kutazidi ghafla, ndani ya saa au siku chache, msingoje miadi. Mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo.