Otomatiki au gia za mkono: gari lipi huchanganya mapema?

Hapa Tabora wengi bado wanaamini kwamba anayetaka gari linalochanganya haraka, yaani linaloshika kasi upesi, hana budi kununua la gia za mkono, na kwa magari mengi tunayoyaendesha imani hiyo ina msingi. Otomatiki za zamani zenye gia nne hupitisha nguvu ya injini kwenye konveta, kiungo kilichojaa mafuta kati ya injini na giaboksi, ambamo sehemu ya nguvu hiyo hugeuka joto kabla ya kufika kwenye matairi. Tena kwa kuwa gia ni chache, kila inapopanda gia mizunguko ya injini hushuka sana na gari hulegea.

Otomatiki mpya ni habari nyingine. Mwaka 2003 Volkswagen iliiweka giaboksi ya klachi mbili kwenye Golf R32, ambayo huiandaa gia inayofuata kabla iliyopo haijaachia, na gari hilo likafikia kilomita 100 kwa saa mapema kuliko lenzake la gia za mkono. Hakuna mguu wa dereva unaoweza kushindana na hilo.

Hata hivyo, kwetu kipimo cha maana si kuondoka kwenye taa, bali kulipita lori la tumbaku kwenye barabara ya Urambo. Nikiwa na gia za mkono, hushusha hadi gia ya tatu nikiwa bado nyuma ya lori, nikasubiri njia iwe wazi, ndipo nikakanyaga mafuta injini ikiwa tayari imechangamka. Otomatiki ya zamani ukiikanyaga ghafla hujiuliza kwanza, na wakati huo wewe umeshatoka upande wako. Kama gari lina kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya juu kabisa), kibonyeze kabla ya kuchomoza: taa ya O/D OFF itawaka kwenye dashibodi, gia ya nne itaachia, na utausikia mngurumo ukipanda.

Ikumbukwe pia kwamba mji wetu uko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hivyo injini isiyo na turbo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupungukiwa nguvu kiasi, iwe na giaboksi ya aina yoyote.

Unapolijaribu gari la kununua, pakia watu wanne, elekea barabara ya Nzega, kisha ukifika mwendo wa 60 kanyaga mafuta. Mizunguko ikipanda huku mwendo hauongezeki, klachi au giaboksi inateleza. Mrudishie mwenyewe ufunguo.