Jibu: Skrabu ya dada yako kutoka Ujerumani

Ndugu, umeuliza kama skrabu ya uso yenye vichembe vya buluu, aliyokuletea dada kutoka Ujerumani, ni halali huko. Inategemea vichembe ni vya nini na bidhaa iliingia sokoni lini. Geuza kichupa usome viambato: ukiona Polyethylene au Nylon, basi ni plastiki.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku chembe za plastiki za kusugulia ngozi kuanzia tarehe 17 Oktoba 2023, pamoja na glita ile ya kumwaga. Mzigo uliokuwa tayari sokoni uliachwa uishe, kwa hiyo dada hajavunja sheria yoyote. Wanaobanwa ni wauzaji, si watumiaji.

Ila usidhani kila kitu kimesafishwa. Vipodozi vingine vya kuoshwa, kama shampuu, vimepewa hadi 2027, losheni na krimu hadi 2029, na rangi za mdomo na kucha hadi 2035. Miaka 12 kwa lipstiki! Hapo naona viwanda vimedekezwa.

Marekani walitangulia kwa sheria ya 2015, lakini inagusa bidhaa za kuoshwa tu, dawa ya meno ikiwemo. Losheni haimo.

Kama shida yako ni kusugua uso tu, singo ya liwa ipo. Ukiisuuza, kinachoshuka kwenye karo ni unga wa mti.