Ushuhuda wangu haukuwa ushahidi

Mwezi wa nne mwaka 2013, kwenye mkesha wa maombi hapa Jinja, Uganda, nilisimama mbele ya kusanyiko nikatoa ushuhuda kwamba Mungu ameniponya kifua kikuu. Vigelegele vilipigwa, kina mama wakanikumbatia. Nilikuwa nimemeza dawa kwa miezi miwili na wiki chache. Dozi yangu ilikuwa ya miezi sita.

Nayaandika haya kwa sababu wiki hii dada mmoja wa mtaani kwetu Walukuba amenijia na swali lilelile lililonisumbua wakati ule: kama ameombewa, kisha anaendelea kumeza vidonge, je, si kukosa imani? Tulizungumza kirefu barazani pa duka langu la ushonaji. Alipoondoka nikaona wapo wengi wenye swali hilo ambao hawana mtu wa kumwuliza.

Mimi ni mlokole, na sijaacha kuwa mlokole. Baba alikuwa mwanajeshi. Tulikulia kambini, ambako Mwacholi, Mlugbara na Mteso walielewana kwa Kiswahili, na Jumapili waliimba pamoja kwa Kiswahili hichohicho. Kanisa limenilea. Kwa hiyo asisome mtu hapa akadhani namdharau anayepiga magoti.

Kilichonidanganya mimi ni nafuu. Dawa nne za miezi miwili ya kwanza huua haraka vile vijidudu vinavyozaana kwa kasi, basi kikohozi kinakata, hamu ya chakula inarudi, sketi inaanza kubana. Vinavyobaki ni vichache, vimelala, na dawa huvifikia polepole. Ndiyo sababu ya miezi minne inayofuata. Musawo, yaani mhudumu wa kituo cha afya, alinieleza yote haya siku ya kwanza, nami nikatikisa kichwa bila kuyaweka moyoni. Hata mkojo wangu uliogeuka rangi ya chungwa, mhubiri aliniambia ni ugonjwa unatoka. Kumbe ni rifampisini, moja ya zile dawa nne. Kila anayeimeza hukojoa hivyo, awe ameokoka au hajaokoka.

Mhubiri huyo aliniwekea mikono, akasema vidonge sasa ni kumtilia Mungu shaka. Nilihisi joto kifuani na amani ambayo hadi leo siwezi kuikana. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akinihesabia vidonge kila asubuhi.

“Mwanangu, wamekupima?”

“Mama, nimeombewa. Nimepona.”

“Hilo nimelisikia. Nauliza makohozi. Wameyapima?”

Nikamwona ana imani haba. Mwanamke anayefunga kila Ijumaa!

Mwezi wa nane nilikuwa nashona kanzu ya bwana harusi. Kanzu zetu za Uganda mnazijua: kitambaa cheupe, na nakshi ya uzi wa damu ya mzee kuanzia shingoni kushuka kifuani. Nilikohoa mara moja tu, nikageuza uso kama tulivyofundishwa, lakini nilichelewa. Nilipotazama tena nikaona kipande cha uzi mwekundu kimeangukia mkono wa kanzu, mbali na nakshi. Nikakibana kwa kucha ili nikiondoe. Hakikutoka. Kikatanuka, kikaingia ndani ya kitambaa.

Nilianza upya. Safari hii miezi minane, na miezi miwili ya mwanzo ilikuwa ya sindano ya streptomaisini kila siku, masikio yakivuma hadi usiku. (Utaratibu huo wa sindano umeachwa, Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo mwaka 2017.) Lakini maumivu ya sindano nimeyasahau. Nisichosahau ni mtoto wa dada yangu, wa miaka mitatu, aliyekuwa akilala chumba kimoja nami. Alilazimika kumeza dawa ya kinga miezi sita, akikunja uso kila asubuhi, kwa sababu mimi nilitangaza jambo ambalo sikulijua.

Katika miezi ile nilirudia neno moja kichwani mpaka likanifungukia. Kiswahili chetu kina ushuhuda, na kina ushahidi. Yote mawili ni watoto wa shahidi, mtu aliyekuwapo akaona. Ushuhuda ni wangu. Nikisema usiku ule nilipata amani, hakuna wa kunihoji, maana hakuna mwingine aliyekuwa ndani ya moyo wangu. Ushahidi ni wa watu wote. Unaletwa mbele, upande wa pili unaruhusiwa kuuliza, na ukiwa dhaifu unaanguka. Makohozi kwenye kikopo ni ushahidi. Aliyeyatazama maabara hakujua nasali wapi, na hata angejua, vijidudu visingeongezeka wala kupungua.

Nilichofanya mkeshani ni kuchukua ushuhuda nikaufanyisha kazi ya ushahidi. Amani yangu ilikuwa ya kweli. Haikuwa na habari yoyote kuhusu mapafu yangu.

Chukueni Namugongo, tunakokwenda kila tarehe 3 Juni kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Kwamba Charles Lwanga na wenzake waliuawa pale kwa moto tarehe hiyo mwaka 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ni jambo lililotokea. Mkatoliki, Mwislamu na asiye na dini wanaweza kulichunguza pamoja wakafika mahali pamoja. Kwamba wako mbinguni na wanatuombea, ni imani. Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kati ya Mashahidi hao kuwa watakatifu mwaka 1964, na jirani yangu Mkatoliki anawaomba kila jioni. Mimi siwaombi. Tarehe ya kifo chao haitugombanishi hata kidogo.

Kwa hiyo nikiambiwa jambo siku hizi, najiuliza: kama si kweli, tutajuaje? Jibu likiwapo, kwamba tutapima, tutahesabu, au tutangoja siku fulani ipite, basi hilo ni jambo la kuthibitishwa, na anayekuzuia kulithibitisha hana haki hiyo. Jibu lisipokuwapo, kama ninaposema Mungu ananipenda, nalishika kwa imani na silazimishi maabara inisaidie.

Nasisitiza hili kwa sababu nchi yetu imekwisha kulia. Kule Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, viongozi wa kundi moja la kidini walitangaza kuwa dunia itakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Imani ikishataja tarehe imeingia mahali ambapo kalenda inaweza kuikana, na kalenda iliikana: Januari ikafika, jua likachomoza. Waumini waliokuwa wametoa mali zao wakaanza kuuliza. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo lililopigiliwa misumari milango na madirisha. Wale waliouliza walikuwa na haki ya kuuliza. Ukikuta kiongozi anayesema swali lako ni dhambi, ondoka usiku uleule, hata kama viatu vimebaki mlangoni.

Mwaka huohuo Gulu, kaskazini mwa nchi yetu, ilitupatia mtu mwingine, na huyu ndiye ninayewasimulia vijana wa kwetu kila ninapopata nafasi. Dokta Matthew Lukwiya alikuwa msimamizi wa Hospitali ya Lacor. Mwezi wa kumi alikuwa Kampala akisoma Makerere, akaitwa arudi kwa sababu watu walikuwa wanakufa wodini, wakiwemo wanafunzi wa uuguzi. Alikaa usiku na mafaili ya marehemu, akisoma dalili za mmoja baada ya mwingine, akashuku aina ya homa inayotoa damu. Sampuli za damu zikapelekwa Afrika Kusini, na jibu likarudi: Ebola.

Alikuwa mcha Mungu aliyeomba hadharani na faraghani. Wala hakungoja maono yamwambie jina la ugonjwa. Alisoma, akashuku, akapima. Ila majibu ya maabara hayana uwezo wa kumwambia mtu aingie wodi ile kesho asubuhi, na keshokutwa tena, wakati wauguzi wanazikwa. Yeye aliingia. Alifariki kwa ugonjwa huohuo tarehe 5 Desemba 2000. Katika mlipuko ule waliougua walikuwa 425, waliokufa 224. Musawo akiniambia wangekuwa wengi zaidi kama mafaili yale yasingesomwa mapema, sina sababu ya kumbishia. Na sijui neno jingine la kuita kilichomrudisha wodini isipokuwa imani. Kiswahili kina hekima hapa pia, maana mtu asiye na huruma tunasema hana imani.

Basi yule dada wa Walukuba nimemjibu hivi. Omba, na umeze vidonge saa ileile, ili usisahau kimojawapo. Mwambie mchungaji wako akuombee umalize dozi. Mchungaji mwema atafurahi, na hata atakukumbusha tarehe ya kurudi kliniki. Akikuambia uache, mwombe aandike hivyo kwa mkono wake kwenye kadi yako ya matibabu na atie sahihi, umwonyeshe musawo. Wengi watasita, na kusita huko kutakufundisha jambo. Dawa zenyewe ni bure kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo usikubali kuambiwa fedha ya sadaka itakuokolea gharama. Na ushuhuda wako usiutupe. Uhifadhi mpaka makohozi ya mwisho yapimwe. Mimi nilisubiri hadi mwezi wa tano mwaka 2014, nikasimama tena, kanisa jingine, karatasi ya maabara mkononi, mama mkubwa akiwa kiti cha mbele.

Alhamisi dada ana zamu ya kupeleka makohozi ya kumaliza mwezi wa pili wa dawa. Anaogopa, kwa hiyo nitalala kwake. Yanatakiwa yale ya alfajiri, kabla hajanywa chai. Tutaamka saa kumi na moja, tuombe kwanza, halafu nitamshikia kikopo.